Katibu na Kura ya Kufumba Macho

Mara ya kwanza nilipopiga kura nikiwa nimefumba macho, hoja ilikuwa wali. Tulikaa watu kumi na mmoja kwenye majlisi ya dada yangu, mtaa wa Mabela hapa Maskati, kamati ya harusi ya binti yake, tukibishana kama iwe pilau au biriani. Watu wa kwetu, wenye asili ya Kizanzibari, wanajua kuwa hoja hiyo imeshavunja udugu wa wengi. Katibu alikuwa amealikwa kwa ujirani tu, wala hakuna aliyempa uenyekiti. Akachukua kijiko, akagonga sinia ya halwa, akasema, "Jamani, fumbeni macho. Anotaka pilau anyanyue mkono."

"Macho tufumbe ya nini?" akauliza shemeji yangu.

"Ili unyanyue mkono wako, si wa mkeo."

Tukafumba. Pilau ikashinda kwa kura saba. Mpaka leo haijulikani nani alimgeuka dada yangu, ambaye alikuwa ameshaongea na mpishi wa biriani. Mimi sisemi.

Jina lake Katibu analo, tena zuri, lakini katika miaka thelathini na zaidi niliyomjua sijamsikia mtu akilitumia ila marehemu mkewe, naye alilitumia alipokasirika. Sisi wengine tulimwita Katibu. Wageni wakidhani ni katibu wa wizara, naye akiwasahihisha palepale: "Katibu wa chama." Mgeni akiuliza chama gani, Katibu hutazama saa yake na kusema kuwa hiyo ni khabari ya chakula cha mchana kizima. Kwa kifupi, alikuwa Katibu Mkuu wa chama kidogo cha kikomunisti kilichoundwa na vijana wa Kizanzibari waliokwenda kusoma Ulaya ya Mashariki. Chama kiliishi uhamishoni maisha yake yote, na siku zake za neema kilikuwa na wanachama arubaini na jiko moja la gesi. Nasema haya kwa mapenzi, na khabari ya jiko kanipa mwenyewe.

Kwetu, mtu akitajwa, swali la kwanza huwa "Huyo wa nani?" Katibu akiulizwa hivyo hujibu, "Wa tabaka la wafanyakazi," kisha hutulia, anakunywa kahawa yake. Kina mama wakongwe wakitazamana tu, maana wanalijua shamba la babu yake, karafuu mpaka upeo wa macho, na wanazijua bangili za bibi yake. Mmoja alimwambia siku moja, "Wafanyakazi hao walikuwa kwenu, mwanangu, lakini hawakuwa nyinyi." Katibu alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Hilo ni jambo lake jema: ukimpiga kwa haki, anakubali.

Nilikutana naye Al Khuwair, hapa hapa Maskati, kwenye kitengo cha tafsiri cha wizara moja, mimi msichana niliyetoka chuoni jana na yeye mkuu wetu. Tulikuwa wafasiri sita. Kila Jumapili asubuhi alituweka kikao chenye ajenda iliyopigwa chapa, na kikao kilimalizika kwa kila mtu kujikosoa. Wizara nzima ilitucheka. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza nilisimama nikasema najikosoa kwa kuchelewa kazini.

"Hiyo si kujikosoa, Zuwena," akasema. "Hiyo saa ya mlangoni imeshatwambia. Kujikosoa ni kusema jambo ambalo ungependa tusilijue."

Nikafikiri. Nikakiri kuwa ripoti ya uvuvi niliyomkabidhi juzi nimeifasiri ukurasa mzima bila kuelewa hata sentensi moja. Alinishukuru kwa ushujaa mbele ya wenzangu, akanirudishia ukurasa niufanye upya. Tangu siku ile nimewafanyia kazi wakubwa wengi, wapole na wakali, lakini ni yeye tu aliyenifanya nione haya kumdanganya.

Baadaye alistaafu, akahamia Mabela kwa binti yake, daktari wa meno, nyumba tatu kutoka kwangu. Hapo ndipo nikaanza kumjua akiwa bila faili. Utamkuta safu ya mbele msikitini, alfajiri mpaka isha. Kijana mmoja alimuuliza vipi mkomunisti anasali. "Chama hakikuniuliza khabari za msikiti," akajibu, "na msikiti haujaniuliza khabari za chama. Kwa nini niwagombanishe?" Wakati wa joto, kama wazee wote wa Maskati, hutembea ndani ya maduka makubwa kwa ajili ya kiyoyozi, raba nyeupe chini ya kanzu, mikono nyuma, mizunguko minne asubuhi. Njia nzima analaani ubepari. Akifika kwenye duka la udi husimama, analaani kidogo zaidi, kisha huingia kunusa.

Ila ukitaka kumpata hasa, mwingilie jikoni. Mtu huyu aliyehutubia makongamano juu ya kazi na haki ya mfanyakazi hajui sukari inakaa wapi nyumbani kwake. Mfanyakazi wao wa nyumbani ni Prossy, msichana wa Kiganda mwenye maneno yake, na Katibu alianza kumwelimisha wiki ya kwanza. Alimwambia adai siku nzima ya mapumziko. Binti yake alinuna, Katibu akasimama kidete, Prossy akapata Ijumaa, maana huku hata ibada ya kanisa huwa siku hiyo ya mapumziko, naye huenda kanisani kwao mtaa wa Ruwi na wenzake. Alimwambia ale mezani pamoja nao. Prossy akakubali, ingawa alilalamika kwangu kuwa mezani anafundishwa mno, chakula kinapoa.

Baada ya miezi miwili Prossy alitoa madai yake mwenyewe.

"Baba, wewe unasema kazi ya mtu iheshimiwe. Sawa. Ijumaa mimi niko ofu. Hiyo chai ya Ijumaa utajipikia."

Katibu alitangaza kuwa hayo ni matunda ya elimu. Alifurahi kweli, alipita nyumba kwa nyumba kutuhadithia. Na tangu hapo, Ijumaa, Katibu hanywi chai mpaka Prossy arudi jioni.

Kazi yake ya siasa nimeijua vipandevipande, kila kipande na chakula chake. Ujana wake alikuwa mhariri wa gazeti la chama. Akapanda mpaka Katibu Mkuu, na hapo ndipo alipoanza kuwasumbua wenzake, maana alitaka chama kijirekebishe kabla ya kuirekebisha dunia. Mwenyekiti asikae milele. Mtu mmoja asiamue jambo. Uamuzi wowote utake watu watatu kwa uchache. Kura ipigwe kwa kufumba macho, ahesabu mmoja tu. Na mwanachama mpya, siku anayoingia, awe na haki ya kuuliza swali moja, lolote, na ajibiwe kweli. Wakubwa wa nchi rafiki waliposikia haya walituma watu wawili wenye makoti marefu. Hawakugombana na mtu. Walichukua tu ile mashine ya kupigia chapa, maana ilikuwa yao.

Mwaka ule ule wenzake wakamng'oa. Walimng'oa kwa kura ya kufumba macho, kwa utaratibu alioutunga mwenyewe, na aliyehesabu mikono alikuwa yeye. Hadithi hii huisimulia kwa fahari kuliko zote. "Utaratibu ulifanya kazi, mwanangu!" husema, anapiga goti. Miaka miwili baadaye, wanachama wakiwa wamebaki kumi, wakamfuata wakamrudisha. Akawaongoza mpaka hapakuwa na wa kuongoza.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo hadithi yote. Nilimwona mzee aliyeshindwa vizuri, akabaki na tabia zake, na sisi tukabaki na pilau. Lakini palikuwa na Bwana Khelef.

Bwana Khelef ni fundi wa kanzu, Hamriya, duka dogo ndani ya uchochoro wa maduka ya vitambaa. Mikono yake ni ya ajabu; marehemu baba yangu hakuvaa kanzu ya mtu mwingine. Yeye na Katibu ni wa mtaa mmoja, wa darasa moja, waliondoka pamoja na sanduku moja kwenda kusoma, Katibu uchumi na Khelef udaktari. Na katika miaka yote niliyowajua hawakuzungumza. Kwenye harusi na matanga huwekwa safu moja kwa kuwa ni wa rika moja. Katibu hutoa salamu. Bwana Khelef huitika kikamilifu, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, kisha humgeukia mtu mwingine, mara nyingi mimi.

"Zuwena, mwambie huyo bwana amekalia ncha ya joho langu."

"Katibu, umekalia joho."

"Mwambie samahani."

Nilizoea. Nilidhani ni ugomvi wa mke, au wa shamba, kama ugomvi wa wazee wengi. Siku moja nikamuuliza Bwana Khelef waziwazi, wakati ananipimia kanzu ya mwanangu.

"Hatujagombana," akasema, sindano mdomoni. "Mie nilifukuzwa chamani. Kanuni ya chama inasema mwanachama asizungumze na aliyefukuzwa. Yeye mwanachama, mie n'mefukuzwa. Mie nafuata kanuni yao tu."

"Lakini ami, chama chenyewe hakipo."

"Kwani walinipa barua ya kurudishwa?"

Akaendelea kupima. Ndipo nilipojua kuwa alifukuzwa akiwa amebakiwa na mwaka mmoja awe daktari. Malipo ya masomo yalipitia chamani, na kitanda chake pia. Alitolewa bwenini wakati wa theluji na lile sanduku la wawili. Akaingia kiwanda cha nguo, akajifunza kushona. Barua ya kumfukuza ilisema "amefukuzwa kwa usaliti," na neno hilo lilifika Unguja kabla yake, kwa mama yake. Alinihadithia yote hayo bila kunyanyua sauti, akamaliza vipimo, akaniambia kanzu itakuwa tayari Alhamisi.

Nilimwendea Katibu nimewaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nnataka kumrudisha," akasema. "Wallahi nnataka. Lakini mtu mmoja haamui. Watu watatu, mwanangu. Nikiamua peke yangu nitakuwa n'mefanya jambo lile lile nililopigana nalo maisha yangu yote. Tumebaki wawili tu, mie na mwenzangu aliyeko Mombasa."

Nilicheka, nisiseme uongo. Nilidhani ni Katibu yule yule wa kura ya wali.

Halafu yule wa Mombasa akafa. Tulisoma khitma msikitini Mabela, na Bwana Khelef alikuja kutoka Hamriya, alikaa safu ile ile. Wakati wa kahawa akaniinamia, kwa sauti ambayo Katibu angeisikia, "Zuwena, mwambie Katibu wako akidi imekufa. Sasa mie ntakufa nimefukuzwa. Namwomba tu asije kunizika, maana kanuni hairuhusu."

Katibu alikaa ameshika finjani yake, na kahawa ilipoa humo. Niliona haya kwa miaka yote niliyocheka. Hawa walikuwa marafiki wawili, kila mmoja wa mwisho kwa mwenziwe, na mmoja angeondoka kabla neno lile halijafutwa.

Juma lile nikaenda kwake, nikamwomba mafaili. Anayo yote, kabatini, nyuma ya mablanketi. Nilikaa sakafuni siku mbili, na Prossy akiniletea chai na kuuliza kama nalipwa. Nilikuta mambo mawili.

La kwanza lilikuwa kwenye kumbukumbu za vikao vya miaka ile Katibu alipokuwa mkuu, kamati ikiwa kamili, akidi ikiwepo. Kila kikao kilikuwa na hoja ya mwisho, kwa mwandiko wake: "Mengineyo: suala la Ndugu Khelef." Na kila kikao, chini yake: "Muda haukutosha." Nilihesabu vikao thelathini na sita. Nilimwekea faili mapajani.

Alivaa miwani, akatazama, akavua. "Rafiki yangu nilimweka kwenye Mengineyo," akasema.

La pili lilikuwa ndani ya katiba ya chama, kile kijitabu chenye jalada jekundu. Kifungu cha tisa kilisema Katibu anaweza kumwandikisha mwanachama mpya kwa mkono wake mwenyewe, bila kikao, mradi mwanachama huyo aulize swali lake moja na ajibiwe kweli.

"Katibu, unaandikisha wawili, mnakuwa watatu. Ungeweza kufanya hivi tangu zamani."

"Kifungu nnakijua. Nilikiandika mie."

"Sasa ulingoja nini?"

Akakifunga kijitabu. "Lile swali," akasema.

Tulikutana Jumamosi saa nne asubuhi, mezani, binti yake akiwa kazini. Wanachama wapya tulikuwa mimi na Prossy. Nilikuwa na khofu yangu: nimekula mshahara wa serikali miaka ishirini na nane, halafu niingie chama cha kikomunisti nikiwa na wajukuu. Katibu akanituliza kuwa chama kimeshakufa, kinachofanyika hapa ni kuosha maiti. Prossy alikuwa na sharti moja.

"Nikiingia, ofu yangu inabaki Ijumaa?"

"Inabaki."

"Basi niandike."

Akatuandika, kwa kalamu ya wino, majina kamili. Kisha akaweka kalamu chini, akaweka mikono miwili juu ya meza, akasema kila mmoja ana swali lake. Prossy akaanza.

"Mimi nauliza hivi, Baba. Huyo mzee alifanya kosa gani?"

"Alisema gazeti letu linasema uongo," akajibu Katibu. "Tuliandika kuwa makuli wa bandari kwetu, maelfu yao, wanangoja turudi tuwaongoze. Vijana wakisoma wakiacha masomo yao, wakija kujiunga. Khelef akasimama kwenye kamati akasema hakuna anotungoja, na vijana wale wana haki ya kujua."

"Na ilikuwa kweli?"

"Hilo swali la pili," nikasema, maana kanuni ni kanuni.

"Mwache," akasema Katibu. "Ilikuwa kweli. Mhariri nilikuwa mie. Makuli wale niliwazua mie, nimekaa mezani, chai yangu ubavuni."

"Kwa hivyo alifukuzwa kwa kusema ukweli, na wewe ulijua," akasema Prossy.

"Nilijua kuliko wote."

Ikawa zamu yangu. Nyumbani nilikuwa nimeshatayarisha swali la mzaha, juu ya sukari. Nililiacha. Nikauliza kwa nini tunapiga kura tumefumba macho.

"Tulikuwa saba," akasema. "Mwenyekiti akatwambia, anotaka Khelef atoke anyanyue mkono. Mie sikunyanyua. Nilitazama kwanza. Nikauona wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano ukawa wangu." "Wanne walishatosha, Zuwena. Mkono wangu haukuhitajiwa hata. Na Khelef hakuwatazama wale wanne. Alikuwa akinitazama mie, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nililia pale, nakiri, na Prossy akanisogezea boksi la tishu. Kisha tukafumba macho, tukapiga kura ya kumrudisha Bwana Khelef chamani. Mikono mitatu. Katibu akaandika uamuzi kwa mwandiko wake mzuri, akautia kwenye bahasha, akaenda kuvaa kanzu mpya. Aliyoivaa haikushonwa na Bwana Khelef, bila shaka, na nilimwona akilitazama hilo kwenye kioo.

Hamriya Jumamosi hakuna pa kuegesha gari hata kwa dawa. Niliishia mbele ya mlango wa ghala la mtu, tukamwacha Prossy ndani ya gari awe msemaji wetu. Bwana Khelef alikuwa peke yake dukani, mafundi wake wameenda kula. Katibu akatoa salamu. Akaitikiwa. Fundi akarudia cherehani yake.

Katibu aliweka bahasha juu ya meza ya kukatia.

"Zuwena," akasema Bwana Khelef, "mwambie huyo bwana karatasi ya chama hapewi aliyefukuzwa."

"Isome kwanza, ami. Nakuomba."

Akazima cherehani. Akavaa miwani ya kazi, akafungua, akasoma taratibu, kidole chini ya mstari. Katibu alikuwa wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kidole kilipofika mstari wa mwisho kikasimama.

"'Kamati imeamua kumsamehe Ndugu Khelef.'" Akanyanyua uso, na hakunitazama mimi. "Kunisamehe nini?"

Ukiacha salamu, yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia tangu ujana wao, na nadhani wenyewe hawakutambua. Nilimtazama Katibu na nikataka kumpiga na ile bahasha. Mtu ameungama asubuhi nzima mbele ya mfanyakazi wake wa nyumbani, kisha kalamu ilipogusa karatasi, chama kikarudi mkononi mwake, chama ambacho tangu kuumbwa hakikuwahi kukosea.

"N'mekosea," akasema Katibu. "Nitaibadilisha." Akatoa kalamu. Halafu, nisamehe Mungu, akairudisha mfukoni. "Siwezi peke yangu. Inataka kikao."

"Kiite basi," akasema Bwana Khelef.

Nikatoka mbio kumwita Prossy. Alikuwa akibishana na mwenye ghala kwa Kiarabu chake cha jikoni, akamwambia "daqiqa, baba, daqiqa," akafunga mlango. Tukasimama watatu kati ya majora ya vitambaa. Bwana Khelef alibaki kwenye kiti chake, yeye hana kura.

"Pendekezo," akasema Katibu. "Iandikwe: Kamati inamwomba radhi Ndugu Khelef."

"Kamati gani?" akasema Bwana Khelef. "Kamati wamekufa, Mungu awarehemu. Nani ananiomba radhi?"

Katibu akavua kofia yake. Sijui kwa nini. Kwetu mtu hafanyi hivyo. "Mie," akasema. "Mie nnakuomba radhi, Khelef. Ulisema kweli na nilijua. Nnakuomba radhi kwa udaktari wako, na kwa mama yako."

Feni ya duka ilizunguka. Bwana Khelef alichukua mkasi, akauweka. "Hivyo hivyo," akasema. "Andikeni hivyo hivyo."

Tukafumba macho, tukapitisha. Katibu akanipa kalamu, nikaandika mimi. Bwana Khelef akasoma tena, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani.

"Sasa mie mwanachama?"

"Tangu dakika hii."

"Nna haki ya kutoa hoja?"

"Unayo."

"Natoa hoja chama hiki kivunjwe. Leo. Kimetutesa vya kutosha, na mie nataka kukaa na rafiki yangu tunywe kahawa kama watu wengine."

Nilimtazama Katibu. Kabatini kwake, nyuma ya mablanketi, mlikuwa na maisha yake yote. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Kuna anayeunga mkono hoja?" akauliza. Sauti ilikuwa ya kikao, lakini nyembamba.

"Mimi naunga," akasema Prossy. "Ila ofu yangu isiguswe."

"Haitaguswa. Basi wewe utahesabu. Jamani, fumbeni macho. Anotaka chama kivunjwe anyanyue mkono."

Nikanyanyua wangu. Na hapa najikosoa, kwa kusema jambo ambalo ningependa lisijulikane: nilichungulia. Mkono wa Bwana Khelef ulikuwa bado upo mapajani. Wa Katibu ulikuwa juu tayari, umenyooka, na macho yake yalikuwa wazi, yakimtazama rafiki yake. Bwana Khelef naye hakuwa amefumba. Alimtazama vile vile, muda mrefu, mpaka akaridhika, kisha akanyanyua wake.

"Hapana, Baba," akasema Prossy. "Nyinyi hamjafunga macho. Hii kura imeharibika?"

"Haikuharibika," akasema Katibu, mkono ukiwa bado juu. "Andika, Zuwena. Andika macho yalikuwa wazi."